Hijazi kwenye Mandolini: Mwongozo kwa Mpigaji wa Kitengela

Chukua mandolini yako, hakikisha nyuzi zimetuniwa G, D, A na E kutoka nene hadi nyembamba, kisha piga uzi wa D ukiwa wazi. Bonyeza freti ya 1, halafu ya 4, halafu ya 5. Sasa rudi ulikotoka: 5, 4, 1, wazi. Usiharakishe. Umepiga D, E flati, F shapu na G, na noti hizo nne ndizo kiini cha Hijazi, maqamu (yaani mpangilio wa noti katika muziki wa Kiarabu) ambayo mtoto wa Lamu au Mombasa huizoea masikioni kabla hajajua kwamba ina jina. Sisi wa Kitengela, Isinya na Kajiado mjini tumelelewa na kwaya, magitaa ya benga na kinanda cha kanisani, ndiyo maana ile nafasi kati ya freti ya 1 na ya 4 hutushtua. Ni toni moja na nusu. Skeli ya do-re-mi haina hatua ndefu namna hiyo popote.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anapiga mandolini kidogo, anayejua kodi tatu nne na anaweza kufuata wimbo wa ibada hadi mwisho, lakini hana mwalimu wa taarabu karibu naye. Wengi wa namna hii huishika Hijazi kwa vidole upesi sana, wakaipandisha na kuishusha kwa kasi, na bado ikasikika kama zoezi la shule. Freti zote ni sahihi. Kinachokosekana ni sikio kujua wimbo unakaa wapi, na sikio hilo hufundishwa na koo kabla ya vidole. Nitafika huko. Kwanza chombo.

Freti ya kwanza haisamehe

Hijazi ya D hutumia freti ya 1 kwenye uzi wa D, na tena kwenye uzi wa A. Mandolini nyingi za bei nafuu zina kasoro mahali hapohapo: kile kijiti cha juu chenye mifereji ya kupitishia nyuzi, karibu na funguo za kukazia, huachwa kirefu mno. Ukibonyeza freti ya 1 uzi unavutika kuliko inavyostahili na noti inapanda. Kwa nyimbo za kawaida za G au D huenda usigundue kamwe, kwa sababu freti hiyo haiguswi sana. Kwenye Hijazi utaigusa kila baada ya sekunde chache.

Fungua programu ya kutunia kwenye simu. Weka D wazi isome sawasawa, kisha bonyeza freti ya 1 kwa nguvu yako ya kawaida uone E flati inasomaje. Ikiwa imepanda, mpelekee fundi wa magitaa aichimbe mifereji kidogo kidogo. Usishike tupa mwenyewe. Mfereji ukichimbwa kupita kiasi uzi utagonga freti na kulia vibaya, na hapo dawa ni kijiti kipya.

Kagua pia daraja. Kwenye mandolini nyingi daraja halikugundishwa. Linasimama kwa uzito wa nyuzi tu, kwa hiyo husogea. Gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, usikie ile sauti nyembamba kama filimbi. Sasa bonyeza freti hiyohiyo ya 12 upige tena. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu kuliko ile ya filimbi, legeza nyuzi kiasi na usogeze daraja nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, lisogeze mbele. Na unapobadilisha nyuzi, toa jozi moja kwa wakati, la sivyo daraja litaanguka na utaanza upya kulitafutia mahali pake.

Hewa ya Kajiado ni kavu karibu mwaka mzima, na mbao hazipendi ukavu. Kipande cha sponji chenye unyevu, kilichokamuliwa vizuri na kuwekwa ndani ya kikopo chenye matundu, kikikaa kwenye kasha la mandolini kitasaidia kuzuia nyufa wakati wa kiangazi. Chumba cha mabati hupata joto kali mchana. Joto likipanda nyuzi hulegea na sauti hushuka, basi uliyotuni alfajiri usiiamini saa saba. Futa vumbi kwenye nyuzi kila umalizapo kupiga.

Iimbe kabla ya kuipiga

Kama umewahi kuimba kwaya, iwe ya kanisa au ya shule kwenye tamasha la muziki, sehemu ngumu ya kazi hii umeshaifanya bila kujua. Unaikumbuka ile skeli ya huzuni inayoanzia la, yenye *se* badala ya *so*: l t d r m f se l. Safari hii usianzie la. Anzia mi ya chini, upande: m f se l t d r m. Hiyo ndiyo Hijazi nzima. Weka mi yako kwenye D ya mandolini na uimbe juu yake, wanaume wakiishusha sauti kwa oktavu moja.

Imba noti nne za kwanza peke yake, m f se l, kisha ushuke, l se f m. Kaa hapo siku kadhaa. Ukiweza kuimba ule mruko wa fa kwenda se bila kuteleza, gusa mandolini kuhakikisha. Mwimbaji mchovu huupunguza mruko huo, akaishusha se hadi karibu na so ya kawaida, na maqamu ikafa palepale. Vidole havitakuambia hayo kwa sababu freti zinakubeba. Koo litakuambia.

Sasa mtego wenyewe. Kwa kuwa noti hizi zimetoka kwenye skeli ya la, sikio lililozoea nyimbo za kanisani litataka kuangukia la, yaani G. Katika nyimbo hizo kodi ya D ni ya kungojea. Ikisikika, kila mtu anajua kodi ya G ndogo inakuja kumaliza. Utapiga Hijazi yako nzuri, na mwisho wa kila sentensi mkono utakwenda G wenyewe, na utahisi umemaliza vizuri. Hujamaliza. Hapo umepiga skeli ya G ndogo iliyoanzia mahali pengine. Katika Hijazi hii nyumbani ni D, na G ni jirani wa kutembelewa sana.

Dawa ya kwanza ni mvumo usiokatika. Pakua kwenye simu programu ya tanpura, ile sauti ya chini inayoandamana na muziki wa Kihindi. Nyingi hufanya kazi bila intaneti, na utashukuru siku stima ikipotea. Iweke D pamoja na A, na usifanye zoezi lolote bila mvumo huo kwa mwezi wa kwanza. Hapa Kajiado tunao mfano wetu wa sauti inayoshikiliwa. Katika nyimbo za Wamaasai, olaranyani, yaani kiongozi wa wimbo, hupanda na maneno yake peke yake huku wenzake wakimjibu na kushika sauti nzito za koo chini yake. Nyimbo hizo si Hijazi na hazihitaji kufananishwa nayo. Nenda tu usikilize jinsi anayeongoza anavyokwenda mbali bila kupotea, kwa kuwa chini yake kuna watu wanaomngoja.

Dawa ya pili ni kujifunza kufunga. Hijazi ina njia mbili kuu za kurudi nyumbani: kutoka juu, E flati kushuka D, na kutoka chini, C kupanda D. Ya kwanza ni uzi wa D, freti ya 1 kwenda wazi. Ya pili ni uzi wa G, freti ya 5, kisha D wazi. Zipige hadi mkono wako ukichoka uende huko bila kutumwa. Kila kipande utakachobuni, hata cha noti tatu, kifunge kwa mojawapo.

Vidole

Kutoka chini kabisa: uzi wa G una G wazi, A freti ya 2, B flati freti ya 3, C freti ya 5. Uzi wa D una D wazi, E flati freti ya 1, F shapu freti ya 4, G freti ya 5. Uzi wa A una A wazi, B flati freti ya 1, C freti ya 3, D freti ya 5, na E flati freti ya 6 kwa kidole kidogo. Uzi wa E unaanza na F shapu freti ya 2, kisha G ya 3, A ya 5, B flati ya 6.

Kwenye uzi wa D tumia kidole cha shahada kwa freti ya 1, cha kati kwa freti ya 4, cha pete kwa freti ya 5. Mwanzoni kile cha kati kitalalamika. Kipe nafasi kwa kuegemeza kiganja mbali kidogo na shingo na kukiacha cha shahada kilale kikiwa kimebonyeza, usikiinue kila mara. Ukihisi maumivu ya mshipa, acha siku hiyo. Wako wanaofika freti ya 4 kwa kidole cha pete na ya 5 kwa kile kidogo. Si kosa, ila utapungukiwa kidole unapotaka kwenda A bila kuhama uzi.

Uliona kwamba sikuutaja uzi wa E ukiwa wazi. E yenyewe haimo katika Hijazi ya D; iliyomo ni E flati. Nyuzi nyingine tatu zikiwa wazi ni marafiki, maana G, D na A zote ni za maqamu hii, na ndiyo sababu D ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mandolini. Huo wa nne ukiguswa kwa bahati mbaya huharibu kila kitu. Shauri langu kwa mwezi wa kwanza: ushushe kwa toni moja uwe D, ili mandolini isome G, D, A, D. Kushusha hakudhuru uzi wala shingo. Utapata nyumbani kwa juu kukiwa wazi, na vidole vya uzi wa D wa kati vitajirudia vilevile huko juu: wazi, 1, 4, 5. Ukishazoea, urudishe E, kwa sababu nyimbo zako nyingine zote zinaungoja, na ujifunze kuukwepa kwa kuulaza ubavu wa kidole cha shahada juu yake.

Sauti ya mandolini hufa upesi. Fidla ina upinde wa kuivuta sauti. Wewe una mtetemo wa piki, ule wa kupiga jozi ya nyuzi chini na juu haraka hadi noti ionekane kuwa moja ndefu. Utumie kwa uchoyo. Anayetetemesha kila noti anachosha. Weka mtetemo kwenye G au A unapokaa kule juu kungoja, kisha shuka F shapu na E flati kwa mapigo makavu, moja moja, hadi D. Kushuka namna hiyo, na piki ikilegezwa mkononi, ndiko kunakoipa Hijazi uchungu wake. Dakika ishirini za kushuka polepole zinajenga zaidi kuliko saa nzima ya kupanda na kushuka kwa kasi.

Kwa nini Hijazi, na wala si nyingine

Ziko maqamu zinazopendwa mno pwani ambazo mandolini haiwezi kuzishika kikamilifu. Rasti, Bayati na Sika zina noti zinazoangukia katikati ya freti mbili. Udi na fidla hazina freti, mpigaji huweka kidole anapotaka; ganuni ina vyuma vidogo vya kuinua na kushusha sauti ya nyuzi. Mwaka 1932 wanamuziki na wasomi walikutana Cairo kwenye kongamano la muziki wa Kiarabu, na miongoni mwa mambo waliyobishania ni vyombo kama piano, ambavyo havina robo toni, kama vinafaa katika muziki huo. Mandolini iko upande mmoja na piano katika ubishi huo.

Usivunjike moyo kwa hilo. Taarabu ya Afrika Mashariki ilivipokea zamani vyombo vya sauti zilizofungwa. Kodiani ilikaa katika vikundi vya Zanzibar. Mombasa iliipenda tashkota, chombo cha vitufe kilichobuniwa Japani mwaka 1912, ambacho utakisikia katika rekodi za mwimbaji Zuhura Swaleh. Tanga, vikundi vya Black Star na Lucky Star vilijenga taarabu yao kwa magitaa. Ukisimama kando ya barabara ya Namanga hapa Kitengela, barabara hiyohiyo ikivuka mpaka inafika Arusha, na kutoka huko kuna njia ya kushuka Tanga. Muziki huu haujawahi kuwa mbali nasi kama tunavyodhani.

Lakini ujue mipaka. Hata katika Hijazi, mpigaji mzuri wa udi huipandisha E flati kidogo sana na kuishusha F shapu kidogo, ili ule mruko usiwe mkali kama freti zinavyotaka. E flati unaweza kuipandisha kwa kuisukuma jozi ya nyuzi pembeni kwa nguvu ndogo. F shapu huwezi kuishusha; iache. Vilevile anapopanda, mpigaji wa udi mara nyingi hubadilisha B flati ikawa noti iliyo kati ya B flati na B. Kwako ingekuwa kati ya freti ya 1 na ya 2 ya uzi wa A, yaani hakuna. Piga B flati, na ukiwa na mpiga fidla au udi mwachie yeye mahali hapo. Kunyamaza kwenye noti moja ni sehemu ya kupiga pamoja.

Kusikiliza

Tenga siku za kusikiliza bila kugusa chombo. Rekodi za mwimbaji Siti binti Saad, zilizoanza kutiwa kwenye santuri Bombay mwaka 1928, zina mikwaruzo mingi, lakini sauti na fidla vinasikika vikifuatana hatua kwa hatua. Zein l'Abdin wa Lamu na Mombasa ndiye ningemweka mbele ya mwanafunzi yeyote wa nyuzi: sikiliza anavyoanza peke yake na udi kabla ngoma hazijaingia, anavyogusa nyumbani, akaondoka, akarudi. Ikhwani Safaa ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1905, itakuonyesha maqamu ikibebwa na kundi zima. Usianze kwa kuuliza wimbo huu ni maqamu gani. Uliza unatulia wapi. Ukiipata noti hiyo kwenye mandolini, tafuta ile iliyo juu yake tu. Ikiwa ni freti moja, na inayofuata ikaruka freti tatu, basi uko Hijazi.

Waadhini wengi nao huadhini kwa Hijazi, na mkazi wa Kitengela aliye karibu na msikiti anapata somo la sikio mara tano kwa siku. Lisikilize kwa heshima na ulipeleke kwenye koo lako la ndani. Adhana ni ibada, si wimbo wa kufanyia mazoezi, basi usiipige kwenye chombo.

Ukiketi na wenzako

Mara nyingi utakayempata hapa ni mpiga kinanda wa kanisani au mpiga gitaa. Mweleze mapema kwamba kodi zinazokaa ndani ya Hijazi ya D ni D kubwa, E flati kubwa, G ndogo na C ndogo. Akiweka A kubwa au A saba, kama mkono wake ulivyozoea kabla ya D, ataleta C shapu na E ya kawaida na kukutoa nje ya maqamu. Mwombe atumie D na E flati tu, abadilishe mara chache sana, na mkono wa kushoto ubaki D. Nyimbo nyingi za namna hii hazihitaji kodi kabisa. Akikubali kushika D na A peke yake kwa dakika tano, utakuwa umepata mvumo bora kuliko ule wa simu.

Hijazi ikishakaa, jaribu kuigusa G ndogo kwa makusudi. Noti ni zilezile, kwa hiyo vidole havibadiliki: panda hadi G, kaa pale, zunguka A na B flati kana kwamba G ndiyo nyumbani, huko wapwani wanakuita Nahawandi. Kisha rudi F shapu, E flati, D. Mtego wa mwanzoni sasa umekuwa njia, maana unajua unapoingia na unapotoka.

Hatua ya mwisho ninayoipendekeza ni kubadilisha noti moja. Kwenye uzi wa A acha freti ya 3, bonyeza ya 4, C iwe C shapu. Sasa uzi wa D ni wazi, 1, 4, 5, na uzi wa A nao ni wazi, 1, 4, 5. Hiyo ni Hijazkar. Kusini mwa India skeli ya noti hizihizi huitwa Mayamalavagowla, nayo ndiyo wanafunzi wa muziki wa Kikarnatiki hupewa kuwa somo la kwanza kabisa, kabla ya ile tunayoiona sisi kuwa ya kawaida. Mtu wa kusikiliza hapo ni U. Srinivas, aliyezaliwa Andhra Pradesh mwaka 1969 na kufariki Chennai mwaka 2014. Aliichukua mandolini ya umeme, akaifanya ya nyuzi tano moja moja badala ya jozi ili aweze kuzisukuma na kuzitelezesha, na akapiga noti zilizo kati ya freti ambazo watu walisema chombo hicho hakina. Anza na rekodi zake za polepole, ukiwa na mvumo wa D masikioni na mkono wa kushoto umepumzika.